Ikisimama, Inatoa?

Swali lake lilikuwa moja, na aliliuliza kila mahali: "Ikisimama, inatoa?"

Aliwauliza vijana wa maduka ya magari Nakuru mjini, wale wa tai na viatu vyenye ncha. Aliwauliza wenzake wa kuendesha njia mbovu pale Gilgil walipokutana kula nyama. Alimuuliza hata pasta wetu, ambaye alikuwa ameenda ng'ambo akarudi na hadithi za magari ya stima, yale ya umeme yasiyokunywa mafuta, na pasta akadhani anaulizwa mambo ya sadaka. "Gari haitoi, Kapteni," pasta akamwambia, mbele ya watu, nje ya kanisa. "Mwenye gari ndiye hutoa." Watu walicheka sana. Kapteni hakucheka.

Alichokuwa akiuliza ni hiki. Yale magari makubwa ya stima yanayosemekana yanakuja, ya kupanda milima na kuvuka mito, yakiwa yameegeshwa uani hayana safari, yanaweza kutoa stima yake yakaipa nyumba? Na yakiipa, itadumu kwa muda gani? Maana ndani ya nyumba yake, huku Kiamunyi, alikuwamo mke wake, na mke wake alikuwa akipumua kwa mashine iliyokula stima usiku na mchana. Stima ikipotea, mashine hupiga kelele, kisha hunyamaza. Na kwetu stima hupotea, wakati mwingine kwa upepo tu.

Wengi walidhani ni mzee aliyeingiwa na wazimu wa magari mapya. Mimi nilijua kwa nini anauliza, na nilijua anashindana na nini.

Tulimwita Kapteni kwa sababu ndiye aliyetangulia katika misafara yao ya kwenda kusikopitika: Mau Narok wakati wa mvua, Solai, miamba ya nyuma ya Menengai, mito mikavu ya njia ya Baringo ambayo hujaa maji bila kuaga. Mimi nilikuwa jirani yake tu, ua kwa ua. Nina saluni Kaptembwo. Magari siyajui, nayapanda yakinifikisha nashukuru. Ninachokijua ni stima, kwa sababu draya ikizimika katikati, mteja hukutazama kwenye kioo na kichwa chake kinachuruzika maji.

Tulianza kwa ugomvi. Nilikuwa nimehamia juzijuzi, na taulo za saluni, nyeupe zote, nilikuwa nimezianika karibu na ua. Asubuhi akamwasha Shosho. Shosho, yaani bibi kizee, ndilo jina alilolipa gari lake, la dizeli, kijani kilichofifia, boneti imefungwa kwa mshipi wa suruali. Shosho akakohoa, akatema wingu jeusi, na wingu likavuka ua likatua kwenye taulo zangu. Nilimpigia kelele maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa. Alinisikiliza mpaka nikaishiwa, akazima gari, akaja kwangu bila kukaribishwa, akazianua taulo zote akaondoka nazo. Baadaye nilimwona uani kwake amekunja suruali, anazifua mwenyewe kwenye karai, na mkewe amesimama mlangoni anamcheka.

"Sugua hapo kwa pindo, Kapteni," alikuwa akimwambia. "Hapo bado kuna Shosho."

Huyo mke ndiye tuliyemwita Madam. Alikuwa amefundisha shule ya msingi mpaka akastaafu, na mtaa mzima ulimwita hivyo, hata mume wake. Sikuwahi kumsikia akimwita vingine. Sikuwahi kuwaona wameshikana mikono pia. Lakini kiti cha Madam ndani ya Shosho kilikuwa na mto wa sufi alioushona Kapteni mwenyewe, kwa uzi wa viatu, na mtu mwingine akikikalia aliambiwa ashuke.

Kapteni aliendesha kwa masikio. Ukiwa unaongea naye angeinua kidole ghafla, unyamaze, kwa sababu lori linapanda kule barabarani. "Ameingiza gia ya juu mapema," angesema. "Atajuta hapo kwa kona." Na kweli, kwenye kona lori lingeguna, gia ingesagika, na Kapteni angekunywa chai yake akiwa ameridhika kabisa na dunia. Gari kwake lilikuwa kitu kinachosema. Linasema limechoka, lina kiu, linaogopa. Kazi ya dereva ilikuwa kunyamaza asikie.

Ndiyo maana nilimshangaa aliposhikwa na hamu ya magari yasiyo na mlio.

"Sasa hiyo yako ya stima utaisikia wapi?" nilimuuliza siku moja.

"Hiyo ndio inanisumbua, jirani," akasema. "Gari haiongei, utajuaje imechoka?" Akafikiri. "Labda nitaskia mawe. Labda maji. Kuna vitu mingi hii kelele imenifichia." Kisha akasema kwa sauti ya chini, kama mtu anayeomba chumvi kwa jirani, "Na nitaskia Madam akipumua hapo kando yangu."

Katika misafara yake kulikuwa na sheria moja. Hakuna gari linaloingia majini kabla ya mtu. Mtu anashuka, anavua viatu, anashika fimbo, anavuka kwa miguu hadi ng'ambo na kurudi, akipima kina na kutafuta mawe. Waliita kutembea maji. Na aliyetembea maji siku zote alikuwa Madam, ameinua sketi, anazungumza na mto kama anavyozungumza na darasa la pili. Fimbo ikiinuliwa juu, njoo. Fimbo ikilazwa begani, geuza urudi. Nilimuuliza kwa nini asiachie vijana wafanye hivyo. "Si mimi ndio nitakaa ndani ya hiyo gari?" akanijibu. "Siwezi pitishwa mahali sijakanyaga."

Kapteni hakuwahi kubishana na ile fimbo. Mtu mmoja alibishana nayo, mfanyabiashara kijana wa Nairobi aliyekuwa na gari jipya lenye winchi za kujivuta mbele na nyuma. Madam alikuwa amelaza fimbo begani, mto umejaa. Yule kijana akacheka, akaingia. Gari lake lilizima katikati, maji yakaanza kupanda kwenye viti. Kapteni akasogeza Shosho ukingoni, akashuka, akafungua kamba ya kuvutia polepole, halafu akasimama nayo mkononi.

"Kwanza uombe Madam msamaha," akapaza sauti.

"Mzee, gari inazama!"

"Naona. Kwa hivyo harakisha."

Kijana aliomba msamaha akiwa amesimama juu ya kiti cha gari lake, maji magotini, na Madam akampokea kwa kuinamisha kichwa kama mwalimu anayepokea daftari lililochelewa. Hadithi hiyo waliisimulia Gilgil kwa miaka, kila mwaka maji yakiongezeka kidogo.

Alikuwa mgumu, sitamsafisha. Wageni wa msafara aliwafokea mpaka wengine wakarudi kwao. Kama angekosea yeye, alinyamaza. Huko Mau Narok aliwahi kuteleza akapita katikati ya shamba la kabichi la watu, na badala ya kusimama akakanyaga mafuta, aibu imemshika. Madam alinuna njia nzima. Juma lililofuata walirudi na miche ya kabichi kwenye makreti, na Kapteni akainama akapanda mstari mzima huku mwenye shamba amekaa juu ya kisiki anamwelekeza. Hayo alinisimulia Madam. Yeye mwenyewe, ukimtajia kabichi, angeinuka aende kumwangalia Shosho.

Kifua cha Madam kilianza na kikohozi cha asubuhi ambacho sote tulikiita baridi ya Nakuru. Kisha akawa akifika getini anasimama kidogo, anajifanya anaangalia maua. Kisha akaacha kutembea maji. Hospitali walisema mapafu yamechoka na hayatarudi. Wakataja moshi wa kuni wa utotoni, vumbi, chaki, kifua kikuu cha zamani ambacho huenda hakikutibiwa sawasawa. Kapteni alisikiliza yote hayo na akasikia neno moja tu, moshi, na akalichukulia kuwa moshi wa Shosho. Miaka yote ile Madam amekaa kwenye ule mto wa sufi, dirisha wazi, bomba limetoboka. Daktari hakusema hivyo. Na mimi sikusema, ingawa siku ile nilizikumbuka taulo zangu.

Tangu hapo hakumwasha tena Shosho uani. Alimsukuma. Angewaita vijana wa bodaboda walioegesha kwenye kona, wakamsukuma Shosho mpaka nje ya geti, wakateremka naye mpaka mbali barabarani, ndipo akamwasha huko. Akirudi alizima mbali vilevile, wakamsukuma kupanda. Vijana walimcheka mwanzoni. "Mathe wa ndani amelala ama?" wangemuuliza. Walipojua sababu waliacha kucheka, na hata wakati hayupo mmoja wao angechungulia kwangu kuuliza, "Mzee hatoki leo? Tusimuache asukume solo."

Mimi nilikwenda kumsuka Madam Jumapili mchana, saluni ikiwa imefungwa. Mrija wa ile mashine ya oksijeni ulipita puani, ukazunguka mashavu, ukapita nyuma ya masikio, na ulikuwa umemchimbia mistari miwili mashavuni ambayo haikutoka hata ukiuondoa. Nilisuka nikiuzunguka.

"Usivute hapo," alinitania. "Hiyo ndio roho yangu."

Mashine ilikuwa kando ya kitanda, kubwa kiasi cha ndoo ya maji, ina magurudumu madogo, na ilinguruma na kushusha pumzi, ikanguruma na kushusha pumzi, mpaka ukaizoea ukasahau ipo. Ukasahau hadi stima ipotee. Hapo ilitoa mlio mkali ambao nikiukumbuka hata sasa mwili unanisisimka. Kapteni angekuja mbio, ahamishe mrija kwenye mtungi wa oksijeni uliosimama pembeni, na sote tungekaa tukiitazama saa ya mtungi, ile inayoonyesha hewa iliyobaki, ikishuka.

Alijaribu kila kitu. Alileta jenereta, akaiweka nyuma kabisa ya nyumba, na bado moshi wake ukapata njia ya dirisha. Madam akakohoa mpaka midomo ikambadilika rangi. "Hiyo kitu izimwe," akasema alipopata sauti. "Itanimaliza mbele ya ugonjwa." Haikuwashwa tena. Alileta betri na paneli za jua, na zilifanya kazi vizuri siku za jua, lakini mvua ya kwetu ikianza, wingu hukaa juu ya Menengai kama limelipa kodi, na betri zile zilichoka mapema. Ndipo aliposikia kwamba betri ya gari kubwa la stima ni kama kuwa na betri za nyumba nzima zimelala chini ya miguu yako. Haina moshi. Haina kelele. Na inaweza kumpeleka Madam mahali.

Nilimwona mtu akirudi kuwa kijana kwa sababu ya tumaini. Alinunua simu kubwa. Alikaa kwenye ngazi ya nyuma akitazama video za magari hayo yakipanda jangwa na theluji ya nchi za watu, akiyasimamisha, akiyarudisha nyuma, akitazama tumbo la gari likikwaruza mawe. Maswali yake ya njia mbovu yalikuwa ya kweli, sikatai. Alitaka kujua likiingia mtoni stima itakaa vipi na maji. Alitaka kujua uzito wa betri utafanya nini kwenye tope jeusi la Mau. Alitaka kujua mtu akiishiwa chaji kabla ya kufika Baringo atafanyaje.

"Dizeli unabeba kwa jerikeni," mmoja wa wenzake alimwambia Gilgil, siku niliyokuwapo. "Stima utabeba kwa nini? Sufuria?"

"Na ikiharibika porini," akaongeza fundi wao, mtu mnene aliyekuwa akimtengeneza Shosho tangu zamani, "mimi nitafungua boneti nione nini? Hiyo utaita pasta, si mimi."

"Kapteni ameokoka," wa tatu akasema. "Ametuacha na dhambi zetu za dizeli."

Alikubali kutaniwa. Aliwajibu la chaji na la kuharibika, moja moja, kwa subira ambayo sikujua anayo. Halafu akauliza lake. "Na ikisimama, inatoa?" Wakatazamana. Wao ni watu wa mwendo, hakuna aliyewahi kufikiria gari lililosimama. Fundi aliyemjua zaidi ndiye aliyeinamisha kichwa, akaanza kukwaruza mfupa uliokuwa mbele yake.

Na kila duka alilouliza lilimpa jibu moja: mwakani. Yanakuja, mzee. Hayo yenye uwezo huo bado, lakini mwakani. Alikuwa ameshajiandaa kuuza kipande chake cha shamba kule Bahati na kumuuza Shosho juu yake. Mwakani ikafika, wakasema mwakani. Nililichukia neno hilo. Madam alikuwa sasa haachi mrija hata kwa kuoga, na watu wenye tai walikuwa wakimwambia mumewe mwakani huku wakimpa kalenda.

Safari yao ya mwisho walinichukua. Madam alitaka kuona mvuke wa Olkaria, ule unaozalisha stima. Tulikwenda naye mtungi ukiwa kati ya miguu yake, mimi nimekaa nyuma yake, nimenyoosha mkono kuushikilia kwenye mashimo, Kapteni akiendesha kama anayebeba mayai. Tulisimama mahali pa juu. Chini yetu mvuke mweupe ulitoka ardhini kwa mngurumo, mabomba yakajipinda kuteremka bondeni, na nyaya kubwa zikaondoka juu ya vilima, mlingoti baada ya mlingoti.

"Hiyo yote ni pumzi," Madam akasema. Alitazama kwa muda mrefu. "Ona vile ardhi iko nayo mingi."

Kapteni alikuwa akizifuata nyaya kwa macho. "Inapita juu ya vichwa vyetu," akasema. "Inaenda kuwashia watu mataa ya mabango." Alisema kwa hasira ambayo sikuwahi kuisikia kwake, hata kwa yule wa winchi. Madam akamgusa goti kwa ncha ya kidole. Nadhani ndiyo mara pekee niliyoona.

Madam alipomtania mumewe alimtania mbele yangu, kusudi nisikie. "Amenibeba maisha yote na gari ya moshi," alisema huku namsuka. "Sasa anatafuta ya stima. Huyu mwanaume akipenda, anapenda kwa gari tu." Kisha, mume akiwa ametoka kwenda jikoni, alinishika mkono na chanuo ndani yake. "Haitafika," akanong'ona. "Lakini usimwambie. Wacha atafute."

Ikawa msimu wa mvua ndefu. Transfoma ya mtaa ilipasuka kwa kishindo, tukawapigia simu watu wa stima, wakasema wanakuja. Siku ya pili bado wanakuja. Wingu halikuondoka, betri zilikufa. Mtungi wa kwanza uliisha, wa pili ukawa unaelekea nusu, na mjini Kapteni alikozoea kujazia hakukuwa na oksijeni. Akaambiwa kuna mahali upande wa Gilgil. Aliniomba nikae na Madam. Nikamwambia tumpeleke hospitali sasa hivi. Madam akatikisa kichwa. "Nikienda huko sirudi," akasema. "Aende alete. Anajua barabara."

Alijua barabara. Mtu aliyetoka kwenye kila tope la bonde hili hakuwahi kukwama maishani mwake, na siku ile, akiwa njiani kurudi, alikwama kwenye lami. Trela lilikuwa limeanguka kwenye barabara kuu. Hilo peke yake angelizunguka, njia za ndani za mashamba alizijua zote. Lakini watu wetu hawawezi kusubiri kwenye foleni. Matatu zilitoka zikaovalap, zikaipita foleni kwa kulia, wenye magari madogo wakazifuata, wengine wakashuka kushoto kwenye nyasi, waliotoka upande wa pili wakafanya vilevile, mpaka barabara, bega la barabara na shamba la kando vikawa vimezibwa na vyuma, kila mtu amemzuia mwenzake na kila mtu anapiga honi. Shosho alikuwa katikati. Hapakuwa na pa kugeuza hata mkokoteni.

Alinipigia simu. Sikumwelewa kwa honi. Nilichokisikia ni, "Mwambie nakuja."

Saa ya mtungi iliingia kwenye rangi nyekundu. Nikaita teksi bila kumuuliza Madam tena, naye hakunikataza, alikuwa anatumia nguvu zote kuvuta hewa. Alinitazama kwa macho makubwa, ya mshangao, kama mtoto aliyeitwa mbele ya darasa. Mimi na dereva tulimbeba kwa kiti. Alikata roho getini, mahali palepale alipokuwa akisimama zamani kujifanya anaangalia maua.

Kapteni alifika kwa bodaboda. Alikuwa amemwacha Shosho barabarani, funguo ndani, akabeba mtungi begani kupita katikati ya magari mpaka akapata pikipiki. Alikuwa ameukumbatia kifuani kwa mikono yote miwili, suruali imelowa tope mpaka magotini. Alituona tumesimama. Hakushuka. Yule kijana wa bodaboda, mmoja wa wale waliokuwa wakimsaidia kusukuma, alizima pikipiki akabaki ameishikilia ili isianguke, na wakakaa hivyo wote wawili, mzee na mtungi wake uliojaa.

Stima ilirudi siku ya matanga. Tulikuwa sebuleni, nyumba imejaa, akina mama wa kanisa wako katikati ya wimbo. Taa zikawaka, na kutoka chumbani ile mashine ikapiga mlio wake, ikaanza kunguruma. Hakuna aliyekuwa ameikumbuka. Wimbo ukafifia. Kapteni akainuka, akaenda akasimama mlangoni mwa kile chumba. Tulidhani anaenda kuizima. Hakuizima. Alirudi akakaa, na mashine ikaendelea kupumulia chumba kitupu mpaka stima ilipopotea tena. Hapo nikaingia mimi nikaichomoa ukutani.

Baada ya hapo aliacha kwenda Gilgil. Wenzake walimrudishia Shosho, akamfunika turubai. Kwa muda mrefu tulisalimiana ua kwa ua, hali yako, nzuri, basi. 

Mwaka huu alinigongea geti asubuhi, amevaa koti la kanisani.

"Jirani, uko na kazi leo?"

"Niko na wateja."

"Waambie stima imepotea."

Nikawaambia hivyo, Mungu anisamehe. Shosho alikuwa amefunuliwa, na kwenye kiti cha nyuma kulikuwa na kitu kimefungwa kwa leso ya Madam. Kapteni akaanza kumsukuma kuelekea getini.

"Si uwashe tu hapa," nikasema bila kufikiri.

"Hapana," akasema.

Nikaweka mkoba wangu ndani, nikasukuma naye.

Tulikwenda hadi kwenye hoteli moja kabla ya Gilgil, upande wa Elementaita. Magari yalikuwa yamefika. Yale yale ya kwenye simu, makubwa, yanang'aa, yamepangwa kwenye nyasi chini ya mahema, na watu wa njia mbovu wamejaa wakipiga picha. Wenzake wa zamani walimwona, wakampisha. Kijana wa mauzo akamjia na tabasamu.

"Karibu mzee wangu. Tukuweke test drive? Kuna kamto hapo chini, inapita kama boti."

Nilingoja Kapteni aulize nani ametembea hayo maji. Hakuuliza.

"Ikisimama," akasema, "inatoa?"

Uso wa kijana ukang'aa. "Hiyo sasa ndio swali! Inatoa, mzee. Si kidogo." Akafungua mlango wa nyuma, akavuta waya, akachomeka birika la umeme, na punde maji yakachemka. Watu wakapiga makofi. "Hapa unaendesha nyumba mzima. Fridge, TV, kila kitu. Stima ikipotea, wewe hata hujui. Siku kadhaa!"

"Ngoja," Kapteni akasema.

Akaenda kwa Shosho, akarudi akiivuta mashine kwa magurudumu yake madogo, yanakwama kwenye nyasi. Akaifungua leso, akaikunja, akaiweka begani.

"Hiyo ni nini, mzee? Spika?"

"Chomeka."

Kijana akachomeka. Mashine ikapiga ule mlio, kisha ikaanza kunguruma na kushusha pumzi. Kapteni akaunyoosha mrija, akausogeza kwenye kiganja chake. Halafu kwenye shavu. Akafumba macho. Waliokuwa wakichukua chai walisimama na vikombe vyao. Fundi mnene alivua kofia. Mashine iliendelea mpaka yule kijana akashindwa kuvumilia.

"Mzee," akasema, sasa kwa upole, "mgonjwa ako home? Tuandike oda leo, nakuletea mimi mwenyewe mpaka kwa gate."

"Hakuna mgonjwa," Kapteni akasema.

Kijana alinitazama mimi. Nikaangalia chini.

"Jirani," Kapteni akaniita, macho bado amefumba. "Zima wewe."

Nikainama nikabonyeza. Mashine ikashusha pumzi mara moja zaidi, ikanyamaza. Kapteni alifumbua macho, akaenda mbele ya lile gari kubwa, akainama taratibu kwa mgongo wake mbovu, akalaza sikio kwenye boneti. Alisikiliza kama alivyokuwa akiyasikiliza malori ya kwetu yakipanda. Sote tulinyamaza ili asikie.

"Hata haijachoka," akasema.